Kuarifiwa si Kuulizwa: Katiba na Sheria Tunavyoziona Kutoka Lamu

Hotuba iliyotolewa ndani ya Ngome ya Lamu mbele ya wavuvi, walimu, wanafunzi na wazee wa mitaa

Bwana mwenyekiti, masheikh wetu, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa ngazini kwa kukosa viti, Assalamu alaikum. Wenzetu wasio Waislamu nawaamkia kwa heshima ile ile.

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya katiba na sheria katika serikali na katika maisha ya jamii. Nimefurahi kwamba mkutano umewekwa humu ngomeni, kwa sababu kuta hizi zina la kutufundisha kabla sijafungua mdomo. Ngome hii ilikamilika mwaka 1821, na kwa sehemu kubwa ya karne iliyopita, hadi mwaka 1984, ilikuwa jela. Wapo humu waliopita uwanja wa Mkunguni utotoni wakishikwa mkono na mama zao, wakaambiwa watembee upesi na wasitazame langoni. Kwa mtoto wa Amu, yaani Lamu yetu hii, wa wakati ule, serikali ilikuwa lango hili, na sheria ilikuwa kile kilichomtoa mtu nyumbani kwake kikamfungia ndani. Leo lango hilo hilo liko wazi na tumeingia kwa miguu yetu kuzungumza. Mageuzi ya namna hiyo ndiyo yaliyotakiwa yatokee katika sheria yenyewe, na nataka tuangalie yamefika wapi.

Nilifanya kazi ya ukalimani wa mahakama kwa miaka mingi, hapa Lamu na kule Malindi. Kazi ya mkalimani ni ndogo machoni pa watu, lakini humweka mtu katikati kabisa, baina ya kinywa cha sheria na sikio la mwananchi, na kutoka hapo nimeona mambo ambayo hayaandikwi katika hukumu. Asubuhi moja aliletwa mzee mvuvi, kikoi kingali na chumvi, ameshtakiwa kwa kuvua kwa wavu uliokatazwa. Nilikuwa nimechelewa dakika chache. Mashtaka yakasomwa kwa Kiingereza, karani akayafupisha kwa maneno mawili matatu, na mzee akaulizwa kama ni kweli. Akajibu, "Ndiyo, bwana." Nilipoingia, neno hilo lilikuwa tayari linaandikwa kuwa amekiri kosa.

Ninyi mnajua maana ya "ndiyo, bwana" ya mzee wa pwani aliyesimama mbele ya mkubwa. Ni adabu. Maana yake ni nimekusikia, endelea. Niliomba ruhusa ya kusema, na hakimu, ambaye kwa haki yake alikuwa mtu msikivu, akaamuru mashtaka yasomwe upya kwa lugha aliyoielewa mzee, neno kwa neno. Safari hii mzee alisikiliza hadi mwisho, akafikiri, kisha akasema, "Wavu si wangu. Mimi ni baharia tu, nilipanda chombo alfajiri." Kesi ikachukua njia nyingine kabisa. Utaratibu huo wa kumsomea mshtakiwa kwa lugha anayoielewa na kuyaandika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe haukuwa hisani ya hakimu yule. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliuweka tangu mwaka 1973, na Katiba ya mwaka 2010 ikauimarisha katika kifungu cha 50 kwa kumpa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo. Lakini utaratibu ulikuwepo siku ile, na bado mzee alikuwa karibu kuadhibiwa kwa ajili ya adabu yake.

Tangu siku hiyo nimekuwa na swali moja, na ndilo nililokuja nalo leo. Sheria inapomfikia mtu, inamwarifu au inamuuliza?

Neno letu "katiba" lina asili moja na kitabu, katibu na mkataba, yote yakitokana na kuandika. Watu wa bahari tunaujua mkataba vizuri. Chombo hakiondoki kwenda kuvua kabla ya kujulikana fungu la chombo ni lipi, la nyavu ni lipi na la mabaharia ni lipi. Maneno hayo husemwa pwani, chombo kikiwa bado mchangani, kila mmoja akiwepo. Nahodha anayengoja samaki waletwe nchi kavu ndipo atangaze mgawo hapati mabaharia msimu unaofuata. Katiba ni mkataba wa aina hiyo baina ya wenye kutawala na wenye kutawaliwa, na uhalali wake unatokana na mambo mawili: kwamba waliohusika walikuwepo uliposemwa, na kwamba unamfunga nahodha kama unavyomfunga baharia.

Tukiupima utawala wa pwani kwa kipimo hicho, historia yetu inauma. Mwaka 1895 Uingereza na Sultani wa Zanzibar waliafikiana kwamba ukanda wa pwani wa maili kumi utaendeshwa na Waingereza kwa jina la Sultani. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi iliyomtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda huo apeleke madai yake yaandikishwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya serikali ya mkoloni. Tafakarini maana yake kwa mtu aliyelima shamba la babu yake nyuma ya Malindi bila ya karatasi yoyote, ambaye ushahidi wake ulikuwa mkorosho, kaburi na majirani. Madai ya watu wa jamii moja kwa pamoja hayakutambuliwa. Wamijikenda, ambao ardhi kwao ilikuwa ya ukoo na ya kaya, wakajikuta wamekuwa maskwota juu ya udongo walioukuta wazee wao, na kesi za Kilifi na Malindi zinazotoka humo hazijesha hadi leo. Ile ilikuwa sheria kamili, ina tarehe na ina mhuri, na ndiyo sababu siwezi kukubaliana na anayesema kwamba jamii inahitaji sheria tu, basi. Sheria inaweza kuwa chombo cha dhuluma kilichoandikwa kwa mwandiko mzuri.

Uhuru ulipokaribia, jambo moja la pwani lilisemwa kabla chombo hakijaondoka. Makubaliano ya Oktoba 1963 kuhusu ukanda wa pwani yalihifadhi mahakama za kadhi, na ulinzi huo umo katika kifungu cha 170 cha Katiba ya sasa, kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa huko. Mengine hayakwenda hivyo. Katiba ya uhuru ilibadilishwa mara nyingi kwa faida ya aliyeshika usukani. Mwaka 1982 Kenya ikafanywa nchi ya chama kimoja kwa kifungu kimoja kilichoongezwa, kikafutwa mwaka 1991. Mwaka 1988 majaji waliondolewa kinga ya kazi zao, wakarudishiwa mwaka 1990. Wengi wetu hapa tulisikia habari hizo redioni baada ya kwisha. Tuliarifiwa.

Kwa hiyo tarehe 4 Agosti 2010, tulipopanga foleni kupiga kura ya maoni, na tarehe 27 ya mwezi huo Katiba mpya ilipotangazwa rasmi, kitu kilichobadilika kilikuwa kikubwa kuliko vifungu vyenyewe. Kifungu cha kwanza kinasema mamlaka yote ya utawala ni ya watu wa Kenya. Kifungu cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa yanayomfunga kila ofisa wa serikali anapotunga sheria, anapoitafsiri au anapotekeleza sera. Cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Cha 42 kinampa haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 63 kinaitambua ardhi ya jamii, ikiwemo ile ya jamii zilizoishi kwa kuwinda na kukusanya msituni, na hapo ndugu zetu Waboni wa Basuba wanajisoma moja kwa moja. Na cha 22 kinamruhusu mtu yeyote aende mahakamani haki hizo zikivunjwa, bila kutozwa ada ya kufungua shauri.

Vifungu vizuri vimeandikwa katika nchi nyingi. Vyetu vilikuja kujaribiwa, na mahali vilipojaribiwa ni hapa kwetu, nami naona fahari kusema hivyo.

Mnakumbuka tarehe 2 Machi 2012, marais wa Kenya na Sudan Kusini na waziri mkuu wa Ethiopia walipokuja kuzindua ujenzi wa bandari na ushoroba wa LAPSSET, yaani njia za usafiri za kuiunganisha Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia. Hakuna mtu wa Lamu mwenye akili aliyeichukia bandari kwa kuwa ni bandari, kwani mji huu ulipokea majahazi karne nyingi kabla Nairobi haijakuwa mji. Kilichowaumiza watu ni kwamba mashine za kuchimba kina cha bahari zilikuja kufanya kazi katika maji waliyoyavua baba zao, mikoko ikakatwa, maji yakatibuka, na wavuvi walioenda kuuliza walipewa mikutano ya kuelezwa yaliyokwisha kuamuliwa. Wakazi wachache wakapeleka ombi Mahakama Kuu mwaka huo huo wa 2012. Wengine waliwaonea huruma, wengine waliwacheka, kwamba mvuvi wa mitego ataishtaki serikali tatu!

Hukumu ilitoka mwaka 2018. Mahakama Kuu ilikubali kwamba haki yao ya mazingira safi, haki ya kupewa habari na haki ya utamaduni zilivunjwa, na kwamba ushirikishwaji uliotakiwa na Katiba haukufanywa ipasavyo. Ikaamuru fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi wapatao 4,600. Ukigawanya sawasawa, ni karibu shilingi 380,000 kwa mvuvi. Lakini kwangu mimi uzito wa hukumu ile hauko katika fedha. Mahakama ilikubali kwamba kuvua katika maji yale, kwa namna ile iliyorithishwa, ni jambo ambalo sheria inaliona. Mzee wa mwaka 1908, ambaye ushahidi wake ulikuwa mkorosho na kaburi, hakuonwa. Mvuvi wa 2018, ambaye hana hati ya bahari wala hawezi kuwa nayo, alionwa.

Kesi ya pili mnaijua zaidi. Palipangwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe kule Kwasasi, wa megawati 1,050, na mwaka 2016 Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ikautolea leseni. Watu wa Lamu wakalipeleka suala hilo mbele ya Jopo la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni ile. Mwekezaji alikata rufaa, lakini sababu za jopo zinafaa kusomwa na kila anayeitisha baraza katika kaunti hii. Halikusema kwamba makaa ya mawe yamekatazwa Kenya. Lilisema kwamba mikutano iliyofanywa kabla ya ripoti ya athari za mazingira kukamilika haiwezi kuitwa ushirikishwaji juu ya ripoti hiyo, kwa kuwa watu hawawezi kutoa maoni juu ya kitu ambacho hawajakiona. Likaufananisha ushiriki wa wananchi na hewa inayoipa uhai kazi yote ya tathmini, ambayo bila hiyo huzaliwa imekufa.

Hapo ndipo penye tofauti niliyowatajia. Kuarifiwa ni kuitwa uwanjani, kupewa soda na nauli, kusomewa faida, kutia sahihi karatasi ya mahudhurio, na baadaye kukuta karatasi ile imeambatanishwa nyuma ya ripoti kama ushahidi kwamba ulikubali. Nimeziona karatasi hizo kwa macho yangu. Sahihi ya mzee aliyekwenda kusikiliza hugeuzwa kuwa ridhaa, kama "ndiyo, bwana" ya yule mvuvi ilivyotaka kugeuzwa kukiri kosa. Kuulizwa ni kupewa ripoti yenyewe mapema, kwa lugha unayoisoma, kupewa muda wa kuijadili nyumbani na msikitini na forodhani, kisha kusikilizwa na mtu ambaye bado anaweza kubadilisha uamuzi wake. Sheria ya Kenya leo inataka hilo la pili. Ofisi nyingi bado zinatupa lile la kwanza, na sisi wenyewe mara nyingi tunalipokea.

Wala sitawaficha kwamba njia ya mahakama ni ndefu. Toka 2012 hadi 2018 ni miaka sita, na hata baada ya hukumu kulikuwa na rufaa na mazungumzo juu ya namna ya kulipa. Gati la kwanza la bandari lilipokea meli tarehe 20 Mei 2021 na wavuvi walikuwa wangali wanangoja fidia yao. Wapo waliokuwa wameitia sahihi hati ya kiapo mwanzoni mwa shauri ambao hatukuwa nao tena. Mwenyezi Mungu awarehemu. Haki iliyomkuta mtu kaburini ni ya warithi wake tu, na nchi inayojivunia katiba yake inapaswa kuliona hilo kuwa dosari ya kurekebishwa, kwa majaji wa kutosha na kwa serikali inayotii amri za mahakama bila kusukumwa.

Kwa sababu hiyo nawaomba vijana wasingoje hadi mambo yafike mahakamani. Kuna sheria ndogo ambayo naipenda kuliko nyingi kubwa, nayo ni Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Inasema ombi la habari laweza kuandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Inasema asiyeweza kuandika akaeleza kwa mdomo, ofisa anatakiwa aliandike ombi lake. Inampa ofisa siku 21 za kujibu, na saa 48 ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Na inasema sababu ya mtu kutaka habari haiwezi kutumiwa kumnyima.

Nitawaeleza nililoliona. Katika kijiji kimoja cha visiwa vya kaskazini, maji ya bamvua yakipwa, mashua haifiki ufukweni. Mja mzito anayepelekwa hospitali usiku hukalishwa kwenye kiti cha plastiki, wanaume wanne wakakiinua na kutembea naye matopeni hadi magotini, mmoja akitangulia na tochi. Watu waliahidiwa gati, wakaambiwa fedha zimetengwa, miaka ikapita. Wasichana wawili waliomaliza kidato cha nne walikuja kwangu tukaandika barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ikiuliza mambo matatu: fedha kiasi gani zilitengwa, mwaka upi, na zilikwenda wapi. Tukatoa nakala mbili.

Kwenye ofisi waliyoipeleka, swali la kwanza waliloulizwa lilikuwa, "Mmetumwa na nani?" Mmoja wao alikuwa amekwisha kukikariri kifungu. Akajibu kwa upole kwamba sheria haimtaki aeleze, akaomba nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Karani alimtazama kwa muda, kisha akaugonga. Nakala ile niliikunja nikaiweka ndani ya msahafu wa mama yangu, mahali ambapo kwetu karatasi haipotei.

Jibu lilikuja siku ya 20, ukurasa mmoja pia. Fedha zilikuwa zimetengwa kweli, kisha zikahamishiwa mradi mwingine katika bajeti ya nyongeza. Hapakuwa na wizi ulioelezwa pale, na sitaki kumsingizia mtu. Palikuwa na uamuzi uliofanywa bila wao kujua. Kwa kuwa sheria ya fedha za umma inataka makadirio ya kaunti yafikishwe kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili na wananchi wasikilizwe, wanakijiji walisubiri kikao hicho, wakaja na ule ukurasa, na mama mmoja aliyewahi kubebwa kwenye kile kiti ndiye aliyesimama kuzungumza. Alizungumza kwa dakika tano hivi. Hakutaja kifungu hata kimoja, lakini kila alichokisema kilikuwa na kifungu nyuma yake, na waliokuwa mezani walikijua.

Fedha zilirudishwa katika bajeti ya mwaka uliofuata, pungufu ya zile za mwanzo. Nilipopita huko mara ya mwisho nguzo sita zilikuwa zimesimama majini na mbao zilikuwa bado hazijawekwa. Wasichana wale wameandika barua ya pili, wanauliza habari ya mbao. Leo ni siku ya 12.

Nakala za barua ile, bila majina, nimeziacha juu ya meza iliyo karibu na lango. Ziko za Kiswahili, na nafasi ya tarehe imeachwa wazi. Sasa nimemwona mama aliyeinua mkono tangu nilipotaja Kwasasi, na baba mmoja nyuma yake. Karibu, mama, tuanze na wewe.